Faiba ya kila nyumba, faiba ya kugawana au redio: jinsi gharama inavyoamua umbo la mtandao wa mtaa

Mtoa huduma mdogo wa intaneti anayetaka kuufikia mtaa mpya, uwe Kigamboni, Moshi au Nakuru, ana njia tatu za kweli mbele yake. Anaweza kuvuta uzi wa faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, kutoka kituoni kwake hadi kila nyumba, kila mteja na wake. Anaweza kuvuta uzi mmoja hadi mtaani, kisha akaugawanya kwa spilita, yaani kigawa mwanga, ili nyumba 32 au 64 ziutumie kwa pamoja, utaratibu ambao kiwango chake kilichoenea zaidi kinaitwa GPON. Au anaweza kupanda mnarani, akafunga antena na kuwarushia wateja mawimbi ya redio. Zote tatu zinafanya kazi, na muuzaji wa vifaa vya kila moja atakuapia kwamba yake ndiyo nafuu.

Wengi huanza kulinganisha kwa bei ya vifaa, kwa sababu ndiyo inayopatikana upesi: ya ruta au swichi utaijua Kariakoo au Luthuli Avenue kabla ya saa sita mchana, lakini ya mtaro huijui mpaka umeshazungumza na wenye barabara, wenye nguzo, serikali ya mtaa na fundi aliyekutana na mwamba. Makala haya yanashika kipimo kingine. Yanauliza ni kipi unakilipia mara moja tu na hakiwezi kurudiwa, na ni kipi utakachokilipia tena na tena muda wote mtandao utakapokuwa hai. Kwa maoni yangu umbo la mtandao huamuliwa na majibu ya maswali hayo mawili, na kasi iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha mauzo huja nyuma sana.

Uzi wa kila nyumba na uzi wa kugawana

Tuchukue mtaa wa nyumba 32, kilomita chache kutoka kituoni. Ukivuta uzi wa kila nyumba, utahitaji nyuzi 32 katika kebo yote, nafasi 32 kwenye swichi, na moduli za mwanga (vipande vinavyotuma na kupokea mwanga) 64, kwa kuwa kila uzi una moduli moja kituoni na nyingine kwa mteja. Wapo wanaojaribu kuokoa nyuzi kwa kuweka swichi ndani ya kabati la mtaani: uzi mmoja unatoka kituoni hadi kabatini, na kutoka hapo nyuzi fupi 32 zinakwenda majumbani. Nyuzi ndefu zimepungua, lakini moduli sasa ni 66, na kabati limegeuka kituo kidogo kinachohitaji umeme. Kwa GPON uzi mrefu ni mmoja, kabati halina kifaa cha umeme bali spilita ya kioo, na moduli ni 33: moja kituoni na moja kwa kila mteja.

Tofauti ya 66 na 33 huwavutia wahasibu, lakini faida kubwa ya GPON iko kwenye lile kabati lisilo na umeme. Swichi ya mtaani inayokula wati 100 hutumia takriban uniti 876 za umeme kwa mwaka, na hiyo bado ni sehemu ndogo ya gharama yake. Ukitaka iendelee kuwaka umeme unapokatika kwa saa nane, inahitaji saa-wati 800. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina saa-wati 1,200, lakini isiyotaka kufa mapema haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo utahitaji mbili. Zidisha betri hizo kwa idadi ya makabati, ongeza kufuli, mlinzi au jirani anayelipwa kuliangalia kabati, fundi wa kubadilisha betri kila baada ya miaka michache, na mita ya umeme yenye akaunti yake. Betri ya kabatini pia ndiyo mali inayobebeka kuliko zote katika mtandao mzima, na wezi wanalijua hilo kabla ya mhandisi. Spilita haina cha kuibiwa wala cha kuzimika. Mvua ikinyesha na umeme ukakatika mtaa mzima, mteja mwenye betri ndogo ya ruta yake ataendelea kupata intaneti ilimradi kituo kikuu kina umeme.

Hii ndiyo sababu GPON imeshika miji mingi kuliko swichi za kabatini, na mahali ambapo umeme si wa uhakika hoja hiyo inapata uzito maradufu.

Uzi wa kila nyumba kutoka kituoni, usio na kabati lolote njiani, hauna tatizo hilo la umeme, na una uzuri wake. Mteja hashirikiani na mtu. Ukitaka kumpa gigabiti 1 leo na gigabiti 10 kesho unabadilisha vifaa vya ncha mbili tu, na hitilafu ya mmoja haimgusi mwenzake. Benki, hospitali au kituo cha data hulipa ada inayostahili uzi wa namna hiyo. Shida inakuja pale kebo yenye nyuzi 288 inapokatwa na katapila la wapanua barabara. Kebo yenyewe haikugharimu sana zaidi ya ile ya nyuzi 24, kwa kuwa gharama kubwa ilikuwa ya kuilaza ardhini, lakini kuunga nyuzi 288 moja baada ya nyingine ni kazi ya mchana na usiku, wakati nyuzi 24 huungwa kabla chai haijapoa. Muda wa wateja kukaa bila huduma ni gharama pia, ingawa hauonekani kwenye stakabadhi yoyote.

Spilita na bajeti ya mwanga

Ushirikiano wa GPON una mipaka miwili, na mlipaji anapaswa kuielewa yote miwili kabla ya kutia saini.

Wa kwanza ni kasi. GPON hupeleka karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja na karibu gigabiti 1.25 kurudi, na kasi hiyo ni ya wote walio kwenye uzi mmoja. Wateja 32 wakivuta kwa nguvu sekunde ile ile, kila mmoja hupata kama megabiti 78. Wakiwa 64 hupata 39. Hilo linaonekana dogo mpaka utakapokumbuka kwamba watu hawavuti wote kwa pamoja. Tukikadiria kwamba saa ya kilele, yaani usiku baada ya chakula, kila nyumba hutumia wastani wa megabiti 3, wateja 64 watahitaji megabiti 192, chini ya sehemu ya kumi ya uwezo wa uzi. Kwa hiyo hofu ya kugawana, ambayo wauzaji wa uzi wa kila nyumba huitia chumvi, kwa mtaa wa kawaida haina msingi mkubwa. Na uwezo ukija kupungua, kiwango cha XGS-PON, chenye gigabiti 10 kwenda na kurudi, hutumia rangi nyingine za mwanga: nanomita 1577 na 1270, badala ya 1490 na 1310 za GPON. Vyote viwili hupita katika uzi mmoja na spilita ile ile bila kugombana, na unaweza kumhamisha mteja mmoja mmoja kadiri anavyolipa. Kioo ulichokizika hakiguswi.

Mpaka wa pili ni mwanga wenyewe, na hapa ndipo akiba ya kijinga hufanyika. Vifaa vya GPON vya daraja la kawaida vinavumilia upotevu wa mwanga wa desibeli 28 kati ya kituo na mteja, na hiyo ndiyo bajeti ya mwanga: kila kitu njiani hula sehemu yake. Spilita ya 32 hula kama desibeli 17. Kilomita 10 za faiba hula 3.5, viunganishi vinne vinakula kama 2, na maungio kumi hivi hula desibeli 1. Jumla ni 23.5, na zinabaki 4.5 za kupokea uchakavu, vumbi, kebo iliyopindishwa na mtoto nyuma ya kochi, na maungio mapya yatakayotokea kila kebo inapokatwa. Sasa mtu anatazama bei ya kila nafasi kituoni, anaamua kugawa kwa 64, na spilita inakula kama 20.5. Jumla inafika 27 na imebaki desibeli 1 tu. Siku ya kwanza kila kitu kitafanya kazi na mkandarasi atalipwa. Baada ya kebo kukatwa mara mbili, mtandao utaanza kuwa wa kupotea na kurudi, na fundi atapanda pikipiki kila wiki kwenda nyumba ile ile. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Hapa kilichovunjwa ni mshahara wa fundi na subira ya mteja.

Kwa mtaa ulio ndani ya kilomita tatu au nne, 64 ni sawa. Kwa mtaa wa mbali, baki na 32, au lipia vifaa vya daraja la juu vinavyovumilia desibeli 32, na uandike bajeti ya mwanga ya kila tawi kwenye karatasi kabla ya kununua hata mita moja ya kebo.

Redio kwa mtaa usioujua bado

Uzuri wa redio ni kwamba gharama yake humfuata mteja. Mnara ukishapatikana, huchimbi kwenda kwa asiyekuita. Kifaa cha mteja hununuliwa siku anapolipa, na akihama unakifungua na kukipeleka kwingine. Anayeingia mtaa ambao hajui ni nyumba ngapi zitajiunga hana njia ya haraka kuliko hii ya kujua. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika, kila moja katika shamba lake, faiba haina hoja kabisa, na sitapoteza muda wa msomaji kwa hesabu yake.

Udhaifu wake ni kwamba hewa ni ya kugawana kwa namna kali zaidi kuliko kioo. Kwenye spilita kila mteja ana kasi ile ile ya kuzungumza na kituo, iwe yuko karibu au mbali. Kwenye redio, mteja mwenye mti mbele ya antena hupunguziwa kasi ya mawasiliano, na kila anachopakua kinachukua muda mrefu zaidi wa hewa ya wote. Mteja anayeweza kupokea megabiti 100 na anayetaka 10 hutumia sehemu moja ya kumi ya muda. Jirani yake anayeweza kupokea 20 tu, akitaka 10 hizo hizo, anamaliza nusu ya muda wa antena nzima. Mteja mmoja mbovu ni ghali sawa na watano wazuri, lakini analipa ada ya mmoja. Mtoa huduma mwenye nidhamu humkatalia mteja wa aina hiyo au humtafutia nguzo ndefu zaidi. Mwenye njaa ya ada ya kuunganisha humkubali, kisha mtaa mzima unalalamika.

Masafa ya gigahezi 5, ambayo watu wengi huyatumia kwa sababu hayana ada kubwa ya leseni, katika miji yamejaa kelele za redio za wengine, na hakuna wa kumshitaki. Ya gigahezi 60 yana nafasi tele, lakini oksijeni ya hewani peke yake hunyonya kama desibeli 15 kwa kila kilomita, na mvua ya masika huongeza nyingine. Ni masafa ya kuvuka barabara na kufikia jengo la pili, si ya kuvuka bonde. Masafa ya leseni ni tulivu zaidi, lakini ada yake hurudi kila mwaka, na hiyo ni gharama ya kundi lile la pili, ya kulipa tena na tena.

Wateja wangapi ndipo faiba ilipe?

Hapa tufanye hesabu kamili, kwa nambari za mfano ambazo kila msomaji anapaswa kuzibadilisha na za mtaa wake. Mtaa una nyumba 200. Kuupitisha faiba kwenye nguzo pamoja na spilita na kifaa cha kituoni ni shilingi milioni 60, ulipwe au usilipwe na mteja yeyote. Kila anayejiunga anahitaji waya wa kuingia nyumbani na kisanduku, jumla 200,000. Matengenezo ya njia na nguzo ni milioni 3 kwa mwaka. Upande wa redio, antena na ufungaji wa mnarani ni milioni 15, kifaa cha mteja ni 350,000 na kinabadilishwa mara moja ndani ya miaka kumi, na kodi ya mnara ni 400,000 kwa mwezi.

Kwa miaka kumi, faiba inagharimu milioni 90 jumlisha 200,000 kwa kila mteja. Redio inagharimu milioni 63 jumlisha 700,000 kwa kila mteja. Gharama hizo mbili hulingana wateja wanapofika 54, yaani robo ya mtaa na kidogo juu yake; idadi hiyo nitaiita kivuko. Chini ya hapo redio ni nafuu. Juu ya hapo faiba, na kila mteja anayeongezeka anaongeza pengo la nusu milioni.

Kinachonivutia si ile 54 bali ni jinsi inavyohama. Punguza nusu ya bei ya kisanduku na waya wa mteja wa faiba, jambo ambalo lingeleta shangwe katika ofisi ya ununuzi, na kivuko kinashuka kutoka 54 hadi 45 tu. Lakini punguza nusu ya gharama ya njia, kwa mfano kwa kukubaliwa kutumia nguzo zilizopo badala ya kusimamisha zako, na kivuko kinatoweka kabisa: faiba inakuwa nafuu kuanzia mteja wa kwanza. Ifanye gharama hiyo ya njia kuwa mara mbili, kwa kuwa mtaa una mwamba na manispaa imekataa nguzo, na kivuko kinapanda hadi wateja 174 kati ya 200, idadi ambayo watoa huduma wachache wataifikia katika mtaa mmoja.

Kwa redio, kinyume chake, bei ya kifaa cha mteja ina nguvu, kwa sababu unakinunua zaidi ya mara moja. Ikishuka kwa sehemu moja ya tano, kivuko kinapanda hadi 75. Umri wa kifaa una nguvu zaidi hata ya bei. Kikidumu miaka kumi bila kubadilishwa, redio inabaki nafuu mpaka wateja 180. Kikibidi kununuliwa mara tatu, kama inavyoweza kutokea katika ukanda wa pwani ambako chumvi ya bahari hula viunganishi na vifuniko vya bati, kivuko kinaporomoka hadi 32. Anayenunua redio kwa ajili ya Tanga au Malindi kwa bei ya kifaa kilichojaribiwa Dodoma anajidanganya kwa nambari zake mwenyewe.

Uamuzi wangu katika hesabu hii ni huu: ukiwa na haki ya kutumia nguzo zilizopo, anza na GPON bila kusitasita. Kenya Power, kwa mfano, hukodisha nguzo zake kwa watoa huduma za intaneti, na mkataba wa namna hiyo una thamani kuliko punguzo lolote la vifaa. Ukiwa huna nguzo na hujui ni wangapi watajiunga, anza na redio, lakini kwa mnara uliochaguliwa mahali ambapo kituo cha faiba kitakuja kukaa. Wateja wa redio wakifika idadi ya kivuko katika mtaa mmoja, vuta faiba hapo, na redio zake zihamie mtaa unaofuata. Uzi wa kila nyumba waachie wateja wachache wenye mikataba mikubwa, na nyuzi zao zipite ndani ya kebo ile ile ya GPON, kwa kuwa nyuzi za ziada ndani ya kebo ni rahisi siku ya kuilaza na ghali mno baadaye. Hakuna sababu ya kuweka nyuzi 12 pale zinapoweza kuwekwa 48.

Kwa shule, hospitali au ofisi za halmashauri ndani ya uwanja mmoja, hesabu hugeuka. Waya wa shaba wa Etherneti hufika mita 100 tu, kwa hiyo kati ya majengo faiba ni lazima. Lakini ndani ya jengo simu za mezani, kamera na vifaa vya Wi-Fi vinahitaji umeme, na waya wa shaba huleta data na umeme kwa pamoja wakati kioo hakileti. Ukiweka GPON hadi kwenye kila dawati utaishia kuvuta umeme kando kwa kila kamera. Faiba kati ya majengo, swichi ya shaba katika kila jengo: hapo sioni haja ya ubishi zaidi.

Nyuma ya kituo: mkia au mduara

Gharama kubwa ya kila mwezi kwa mtoa huduma mdogo hutoka upande usioonekana na mteja, yaani uwezo anaoununua kutoka kwa mtoa huduma mkubwa kwenda nje. Huuzwa kwa megabiti, na kipimo chake ni saa ya kilele. Wateja 200 kwa megabiti 3 ni megabiti 600 usiku, ingawa alfajiri hazifiki hata 100. Kwa hiyo kila sehemu ya trafiki, yaani data inayopita mtandaoni, inayoweza kumalizika karibu na mteja inapunguza bili moja kwa moja, na umbo la mtandao linapaswa kulenga hilo kabla ya kufikiria kununua zaidi.

Historia ya Nairobi inaonyesha uzito wake. Soko la kubadilishana trafiki la KIXP, mahali ambapo watoa huduma hupeana data moja kwa moja, lilianza mwaka 2000 ili barua pepe kati ya ofisi mbili za mji mmoja isizunguke nje ya nchi kwa setilaiti na kurudi. Lilifungwa baada ya malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba, kisha likafunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kupata leseni. Kwa mujibu wa ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020, trafiki yake ya kilele ilipanda kutoka gigabiti 1 mwaka 2012 hadi gigabiti 19 mwaka 2020, na sehemu ya trafiki ya Kenya inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka kama asilimia 30 hadi kama asilimia 70. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na makampuni makubwa ya maudhui kuweka akiba, yaani nakala, za video na picha ndani ya nchi. Google na Netflix huwapa watoa huduma wenye trafiki ya kutosha seva za akiba bila malipo. Mdogo asiyefikia kiwango hicho huzifikia kupitia soko la kubadilishana, na kwake gharama ya uzi wa kwenda TIX Dar es Salaam au KIXP Nairobi inapaswa kulinganishwa na megabiti zitakazopungua kwenye bili ya nje. Kwa mtaa unaotazama video usiku kucha, mara nyingi ulinganisho huo huisha kwa dakika chache.

Lipo pia swali la njia mbadala. Mtandao wenye uzi mmoja wa kutoka, yaani mkia, ni nafuu na hukatika wote kwa pigo moja. Mduara, ambao kituo chake kina njia mbili za kutoka pande tofauti, hustahimili pigo moja, lakini gharama ya njia inaweza kukaribia maradufu. Watu wengi hujiridhisha kwa kununua mikataba miwili kutoka kampuni mbili, na hapa ndipo fedha hupotea bila kinga kupatikana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM, kebo za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika yote miwili upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikahisi. SEACOM ilikuwa tayari imepata hitilafu katika Bahari ya Shamu mwezi Februari mwaka huo huo. Aliyekuwa na mkataba kwenye kila mmoja wa mikongo hiyo alikuwa na bili mbili na, siku ile, hakuwa na njia. Mkongo wa TEAMS, unaokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu kutoka Mombasa tangu mwaka 2009, ulikuwa upande mwingine wa bahari na uliendelea kubeba trafiki ya Kenya.

Nchi kavu hali ni ile ile kwa kipimo kidogo: kampuni mbili zinaweza kuwa zimekodi nyuzi ndani ya kebo moja ya Mkongo wa Taifa, au kulaza kebo zao katika mtaro mmoja kando ya barabara moja, na katapila haliulizi uzi ni wa nani. Kabla ya kulipia njia ya pili, dai ramani ya njia zote mbili, na iwe sehemu ya mkataba kwamba hazipiti daraja moja wala mtaro mmoja, na kwamba mtoa huduma atakujulisha akizihamisha.

Asiyeweza kumudu mduara wa faiba ana njia ya katikati ninayoipendelea kuliko mkataba wa pili wa kubahatisha. Huacha faiba iwe ya kawaida, na njia mbadala huifanya ya redio yenye masafa ya leseni kutoka mnarani kwake hadi mnara wa mji wa jirani, hata kama inabeba sehemu moja ya kumi ya uwezo. Redio na faiba hazikatwi na katapila moja. Ruta ya kituoni inapangwa mapema ni trafiki ipi ipite siku ya dharura: kwanza mifumo ya malipo ya simu na mashine za kadi za madukani, kisha simu za intaneti na ujumbe, na video ibaki kusubiri mpaka faiba iungwe.